Mke wa Kwanza Ni Nani Nyumbani Mwako?

 

Nawasalimu nyote mnaosoma, mlio hapa Kombewa, mlio Holo na Kisian, na watoto wetu mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo mnaotufuatilia kwa simu. Neno la leo nimeliandika nikiwafikiria waliofunga ndoa karibuni. Mnajijua. Tangu Desemba tumefungisha ndoa tatu, na pete bado zinang'aa. Lakini wewe mzee uliyeoa miaka thelathini iliyopita, usiweke simu chini. Lako liko ndani pia.

Andiko letu ni Kumbukumbu la Torati 24:5. Lifungue kwenye Biblia yako, nitalieleza kwa maneno yangu hapo mbele. Kwanza nataka twende mahali mnapopajua.

Ukitoka Kisumu kuelekea Bondo, baada ya kilomita kama 29, unafika kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana. Wageni hupiga picha. Watoto wa shule huletwa na walimu wao. Wako wanaopanda kusali na kufunga. Mwaka 2019 UNESCO iliziingiza mila zinazohusu mahali hapo kwenye orodha yake ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sisi tunamwabudu Mungu aliyeyaumba mawe, hatuyaabudu mawe, lakini jina la mahali pale lina somo ambalo nimelihubiri mara nyingi kwenye mafunzo ya ndoa.

Kit Mikayi. Kwa Kijaluo, jiwe la mke wa kwanza. Mikayi ni yule mke mkubwa, mwenye nyumba ya heshima katika boma. Je, jiwe lilipataje jina la mke?

Wazee wa Seme husimulia kwamba kulikuwa na mzee aliyeitwa Ngeso. Alilipenda jiwe lile kupita kiasi. Akiamka asubuhi, anakwenda pangoni. Anakaa humo mchana kutwa. Mke wake ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, cha asubuhi na cha mchana, huko huko kwenye jiwe. Watu wakipita nyumbani wakimuuliza mama yule, "Mzee yuko wapi?" anajibu, "Amekwenda kwa mikayi wake." Amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Soma tena jibu hilo polepole. Mama yule hakupiga kelele. Hakurudi kwao. Aliendelea kupika na kubeba chakula. Lakini alijua nafasi yake katika nyumba ile, na aliitaja kwa sentensi moja ambayo haijasahaulika mpaka leo. Jiwe ndilo la kwanza. Mimi ni wa pili.

Sasa nakuuliza wewe uliyeoa juzi. Mtu akipita nyumbani kwako leo saa mbili usiku, amuulize mke wako, "Bwana yuko wapi?" atajibu nini? Na wewe dada, mumeo akiulizwa, atasema uko kwa nani?

Miezi michache iliyopita wanandoa wawili wachanga walikuja kuniona. Wameniruhusu nisimulie, bila majina. Kijana ni mwendesha bodaboda, binti anashona nguo hapa sokoni. Walipoketi niliwauliza, "Kuna nini, wanangu? Mmegombana?"

Kijana akasema, "Hapana, Pasta. Hatujawahi kugombana."

Binti akasema, "Ni kweli. Hatujagombana. Tumenyamaza."

Nikamwambia anieleze. Akasema mumewe anaamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa kwanza wa kwenda Kisumu. Anarudi saa nne usiku, wakati mwingine saa tano. Anakula amesimama, anahesabu pesa, analala. Jumapili baada ya ibada anatoka tena, kwa sababu Jumapili kuna wateja. Kijana naye hakukataa. Alitoa kidaftari kidogo mfukoni akanionyesha. Deni la hema la harusi. Deni la ng'ombe wa karamu. Malipo ya pikipiki ya kila siku. Matofali. Mabati. Kila kitu kimeandikwa na kupigiwa mstari.

Akaniambia, "Pasta, haya yote nayafanya kwa ajili yake. Nataka atoke kwenye simba aingie kwenye nyumba."

Wale msiojua, simba ni ile nyumba ndogo ya kijana katika boma la baba yake.

Binti akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini sana: "Na nyumba ikiisha, nitakaa ndani na nani?"

Wapendwa, nimesoma chuo cha Biblia, nimehubiri miaka mingi, lakini swali lile lilinifanya nitulie. Kwa sababu kijana yule si mlevi. Hana mwanamke wa nje. Hachezi kamari. Ni mtu wa bidii, anatoa fungu la kumi, anampenda mkewe. Jiwe lake ni zuri. Na hapo ndipo hatari ilipo. Jiwe baya utakemewa nalo na kanisa zima. Jiwe zuri watu watakupigia makofi ukiwa umeketi pangoni mwake mchana kutwa, na mkeo anakuletea chakula.

Sasa tuje kwenye andiko.

Musa anawapa Israeli sheria za vita, za mikopo, za mavuno. Katikati ya mambo hayo mazito anaweka sheria ya maharusi. Mwanamume akioa mke mpya, asipelekwe vitani. Asibebeshwe kazi yoyote ya umma. Apewe mwaka mzima wa kukaa nyumbani, na sababu imetajwa waziwazi: amletee furaha mke aliyemwoa.

Hebu fikiria. Taifa lina maadui pande zote. Jemadari anahitaji kila mkono unaoweza kushika mkuki. Na Mungu anasema, huyu mwacheni, ana kazi nyingine mwaka huu. Kazi gani, Bwana? Kumfurahisha mke wake. Mungu aliihesabu furaha ya chumba kimoja cha maharusi kuwa na uzito wa kutosha kumtoa mtu jeshini.

Na uangalie jambo jingine. Andiko halisemi akae nyumbani amjengee nyumba. Halisemi akae ajipatie ng'ombe. Linataja furaha ya mke, na kazi hiyo linaiweka mikononi mwa mume. Vijana wengi wanafikiri furaha ya ndoa huja yenyewe, kama mvua. Mungu anaitaja kama kazi ya shamba: mtu apewe muda, ashike jembe.

Najua utaniambia, "Mchungaji, mimi si Mwisraeli, nikikaa nyumbani mwaka mmoja tutakula nini?" Ni kweli. Sikuambii uegeshe pikipiki mwaka mzima. Nakuambia uuone moyo wa Mungu katika sheria ile. Kama Yeye alikuwa tayari kutoa siku 365, wewe huwezi kukosa jioni mbili kwa wiki.

Kuna picha nyingine ninayoipenda, iko Mwanzo 26. Isaka na Rebeka wako Gerari, ugenini. Kuna njaa katika nchi. Isaka anaogopa watu wa pale, akasema Rebeka ni dada yake. Uongo ule siutetei. Lakini angalia ulivyogundulika. Mfalme Abimeleki alikuwa dirishani, akatazama chini, akawaona Isaka na Rebeka wakicheza pamoja. Mara moja akajua: huyu si dada, huyu ni mke.

Mwalimu wetu wa Agano la Kale chuoni alitufundisha kwamba neno la Kiebrania lililotumika pale linatoka kwenye shina moja na jina la Isaka lenyewe, na jina hilo maana yake ni kucheka. Yaani Mwenye Kicheko alikuwa akicheka na mke wake. Mfalme hakuona cheti cha ndoa. Hakuona pete wala picha za harusi. Ndoa ilijulikana kwa kicheko kilichoonekana kutoka dirishani.

Na hawakuwa kwenye raha. Palikuwa na njaa. Walikuwa wageni wasio na ardhi pale. Walikuwa na hofu. Wala hawakuwa maharusi wa jana. Kama wangengoja mambo yatulie ndipo wacheke, Abimeleki asingeona kitu siku ile.

Jirani yako akichungulia dirishani kwako wiki hii, atajua kwa nini kwamba ninyi ni mume na mke?

Niwaambie kidogo yetu. Mama Mchungaji ameshasoma haya na kunipa ruhusa, kwa hiyo msimpigie simu kumuuliza.

Tulipooana tulipanga chumba kimoja cha mabati hapa Kombewa. Kitanda, jiko la makaa, sufuria mbili, kiti kimoja. Kiti kilikuwa cha mgeni, na mgeni asipokuwepo tulikaa kwa zamu. Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zikiisha nguvu tunazianika juani ili zitupe habari za jioni moja zaidi. Mvua ikinyesha usiku, mabati yanapiga kelele mpaka huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Mimi nilikuwa na tabia ya kufanya mazoezi ya mahubiri usiku kwa sauti. Mvua ikianza nahubiri midomo tu, na Nyar Gem wangu, maana yeye ni binti wa Gem, anaitikia "Amina" kwa kupunga mkono. Tulicheka mpaka machozi. Hatukulipia kitu.

Lakini kuna jambo moja alilolianzisha yeye ambalo limetubeba mpaka leo. Kila jioni nikiingia, kabla ya kuuliza nimeleta nini, alikuwa akiniuliza, "Leo umeona nini?"

Siku za kwanza nilijibu, "Sijaona kitu." Akasema, "Umetembea kutoka asubuhi na macho yako mawili, hukuona kitu?" Basi nikaanza kutazama. Nikiwa njiani kwenda kutembelea wagonjwa, natafuta cha kumpelekea. Mbuzi aliyefungwa nyuma ya bodaboda amekaa kama mheshimiwa. Mzee aliyebishana na muuza mtumba kwa nusu saa kuhusu kofia, mwishowe akanunua viatu. Mtoto aliyempigia saluti mlinzi wa hospitali, na mlinzi akasimama wima akaijibu. Vitu vidogo. Pesa sikuwa nazo, lakini sikuingia nyumbani mikono mitupu. Naye alikuwa na yake ya kunisimulia. Taa ya mafuta inawaka, omena ziko kwenye nyanya, na sisi tunabadilishana siku zetu.

Leo tuna watoto, tuna viti vya kutosha, umeme upo. Swali bado ni lile lile. Hata nikiwa kwenye mkutano wa injili mbali, simu ya usiku inaanza hivyo. Ninyi ambao kazi imewatenganisha, mume yuko Nairobi au Qatar na mke yuko hapa Seme, lichukueni swali hili. Maongezi ya simu yakiwa ni karo, mbolea na pesa ya M-Pesa peke yake, mnakuwa kama mhasibu na mwenye kampuni. Mwambie ulichokiona. Mpe jioni yako, hata kama ni kwa dakika kumi.

Sasa niwape mambo manne ya kufanya.

La kwanza, rudi kabla jua halijazama, angalau siku mbili kwa wiki. Mungu ametupendelea watu wa huku. Tuko karibu kabisa na Ikweta. Ndugu zetu wa Ulaya, majira ya baridi giza huwaingilia saa kumi jioni, na kiangazi jua huwa bado liko saa tatu usiku. Hapa kwetu jua linazama mida ya saa moja kasorobo, iwe Januari, iwe Julai, tofauti ni dakika tu. Hivyo huwezi kusema hukujua jioni inafika lini. Kaeni nje mkiangalia ziwa linavyobadilika rangi. Hakuna hoteli ya Kisumu inayowauzia kitu kizuri kuliko hicho, na ninyi mnakipata bure.

La pili, kuleni pamoja, na simu ziwe mbali. Najua babu zetu walikula na wanaume wenzao kwenye duol, na mama akala jikoni na watoto. Kila zama na utaratibu wake. Lakini nyinyi mko wawili, kwenye chumba kimoja. Duol mnaitafuta wapi? Sulemani katika Mithali 15:17 alipima meza mbili, moja ina nyama nono na chuki, nyingine ina mboga na upendo, akachagua mboga. Kwa hiyo usione haya kwa sukuma wiki. Ugali na apoth ukiliwa na watu wawili wanaopendana umeshapita mtihani wa Sulemani.

La tatu ni la wanaume, na mtanivumilia. Ingia jikoni. Usiniambie ni aibu. Fungua Yohana 21. Yesu amefufuka, ameshinda kifo na kuzimu, na asubuhi ile wanafunzi wamevua usiku kucha, wamechoka. Wanafika ufuoni wanakuta nini? Makaa yanawaka, samaki yuko juu yake, na mkate. Mwenye mamlaka yote aliwasha moto akawapikia wavuvi. Sisi watu wa ziwa tunaijua harufu ya asubuhi kama ile. Kama Bwana alichoma samaki, wewe mkono wako una nini? Siku moja amka kabla yake, mchemshie chai. Hatasahau.

La nne ni kwa wote wawili. Lichunguzeni jiwe lenu kwa jina. Kwa mwingine ni simu, anaikumbatia kitandani mpaka saa sita. Kwa mwingine ni mechi na mikeka ya kamari. Kwa dada mwingine ni chama, au ni mama yake mzazi anayepigiwa simu mara tano kwa siku kuelezwa kila kinachotokea ndani. Na nitasema hili kama mchungaji: kwa wengine ni kanisa. Kwaya Jumanne, maombi Jumatano, mazoezi Alhamisi, kesha Ijumaa, na nyumbani mwenzako anakula peke yake. Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anawaruhusu wanandoa kutengana kwa ajili ya maombi, lakini anaweka masharti: wakubaliane, iwe kwa muda, kisha warudiane. Hata maombi yamewekewa mpaka! Kanisa hili halijaomba kuwa mikayi wa mtu yeyote. Ukiona ratiba yetu inaivunja nyumba yako, njoo tuzungumze.

Na kwa dada au kaka ambaye nyumbani kwako hakuna kicheko kwa sababu kuna ngumi, sikuambii ukacheke. Ujumbe wako si huu. Njoo umwone Mama Mchungaji au mimi, usikae peke yako na jambo hilo.

Nina jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na wanandoa wengine wachanga hapa. Kijana alikuwa mvuvi wa omena. Mnajua kazi hiyo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku hizo mpaka giza lirudi. Wengine wanaosubiri omena huuchukia mwezi mpevu, maana hakuna pesa. Binti yule aliniambia yeye anaupenda. "Mwezi ukitoka, mume wangu yuko nyumbani," alisema. Usiku ule walikuwa wanatoa mkeka nje, anamchambulia samaki miiba, wanahadithiana mpaka usingizi uwachukue. Hawakuwasha taa. Mwezi ulitosha.

Walikaa hivyo miezi kumi na minne. Kisha usiku mmoja wa giza dhoruba ikaukamata mtumbwi ziwani. Siku ya tatu ndipo tulipompata.

Kwenye mazishi watu walizungumza alichokiacha. Sehemu ya wavu. Mabati machache aliyokuwa ameanza kununua. Wazee walijadili nyumba ambayo haikujengwa. Mimi niliketi na mjane, sikuwa na maneno. Baada ya muda mrefu yeye ndiye aliyesema. Alisema, "Tulicheka, Pasta. Hatukuwa na kitu, lakini tulicheka."

Sijasahau. Binti wa miaka ishirini na tatu, amefiwa, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho ziwa halikuweza kumnyang'anya, kwa sababu walishakila. Mhubiri 9:9 inamhimiza mtu ayafurahie maisha pamoja na mke anayempenda, siku zote za maisha haya mafupi, kwa kuwa hilo ndilo fungu lake. Fungu lako si nyumba utakayomaliza mwaka 2030. Fungu lako ni mtu aliyeketi hapo karibu nawe sasa hivi, wakati unasoma simu hii.

Wapendwa, barabara ya Bondo haituahidi kesho. Ziwa halituahidi kesho. Bodaboda zinaanguka, mitumbwi inapinduka, na homa huingia usiku. Tumaini letu la uzima wa milele liko kwa Kristo, Haleluya, na hakuna dhoruba inayoligusa. Lakini jioni ya leo umepewa leo. Ukiipeleka kwa jiwe, jiwe halitakurudishia.

Mtaniuliza wale wawili waliokuja na kidaftari waliishia wapi. Niliwasomea Kumbukumbu la Torati 24:5. Kijana alikaa kimya, kisha akatoa kalamu. Katika kile kidaftari cha madeni, chini ya mabati, akaandika: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili, nyumbani. Akakipigia mstari kama madeni yale mengine.

Deni la harusi bado lipo. Matofali bado yamepangwa chini ya mwembe, na nyumba itachelewa miezi kadhaa kwa sababu ya jioni hizo mbili. Wamepiga hesabu wakakubaliana icheleweshwe. Juzi binti alimwambia Mama Mchungaji kwamba Alhamisi mumewe aliingia jua likiwa bado lipo, hata kofia hajavua, akaanza kumwigizia abiria aliyebeba jogoo, na jogoo akawika kila walipopita kwenye tuta kutoka Holo mpaka Kombewa. Alisema majirani walitoka nje kuona kuna nini.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Usiku wa leo muulize mwenzako, "Leo umeona nini?" Kisha unyamaze, usikilize mpaka mwisho. Kama umezoea kumwuliza umeleta nini, atashtuka kidogo. Mvumilie.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, naziinua nyumba hizi changa mbele zako. Ziokoe na kila jiwe lililokaa kwenye nafasi ya mwenzi, hata lile jiwe lililo zuri machoni pa watu. Wape mkate wa kila siku, uwapunguzie madeni, uwalinde barabarani na majini. Wape kicheko wakati wa njaa kama ulivyowapa Isaka na Rebeka. Mjane wetu umshike mkono. Na wale wanaotamani ndoa, uwape wenzi watakaorudi nyumbani na hadithi. Tumeomba tukiamini, Amina.

Ukipokea neno hili andika AMINA, umtumie na yule aliyefunga ndoa mwaka huu. Jumapili saa tatu asubuhi tukutane ibadani. Maharusi watatu, viti vya mbele ni vyenu.

Ni mimi mtumishi wenu katika Bwana, mchungaji wenu wa Kombewa.